Nusu mbili za Catalina yangu hazikutani, moja fupi milimita 11. Kosa la plastiki, la kalibu au langu?

#1 Mtoto wa Shangani
Wakuu salama. Niko Mtwara, Shangani. Mwaka na kitu sasa natengeneza ndege ya mabomu ya vita, mfano lakini, Catalina, ile ya majini iliyokuwa inawinda nyambizi za Mjerumani, skeli ya 1/24. Sijanunua boksi la kuunganisha, kila kitu naanzia sifuri. Kwa asiyeijua, ndege yenyewe bawa lilikuwa mita 31.7 ncha hadi ncha na urefu mita 19.46, sasa gawa kwa 24 unapata bawa mita 1.32 na bodi sentimita 81. Yaani ikikamilika haipiti mlangoni mpaka uilaze ubavu, mama watoto ameshaniuliza mara mbili italala wapi.

Bodi naitoa kwa vakyumu. Unachonga kalibu ya mti, unaiweka juu ya sanduku lenye matundu, unapasha shiti ya plastiki kwa jiko la mkaa mpaka ilegee, unaifunika juu ya kalibu alafu unanyonya hewa kwa chini, plastiki inaikumbatia kalibu mpaka alama ya patasi unaiona. Shiti sinunui, nakata kwenye mafriji mabovu, ile ngozi nyeupe ya ndani. Kompresa ya kunyonyea nayo ya friji hilohilo. Mpira wa kuzibia sanduku, mpira wa mlango wa friji. Mtungi tu ndo nimepata kwa fundi pancha.

Kalibu kanichongea mzee mmoja wa vinyago, Mmakonde wa ukweli, mti wa mwembe, nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Zote mbili nilipima milimita 811. Nusu ya kushoto imetoka 806, sawa, nilishasoma plastiki inasinyaa. Ya kulia imetoka 795!! Nikikutanisha pua, mkia umeachana milimita 11, na matundu ya vioo vya kando nayo hayatazamani. Kosa liko wapi wakuu, kabla sijatupa.

#2 Kuchele255
Mtwara kucheleeee. Nimekaa. Picha kwanza.

#3 Salfa Nyeupe
Asee mwenzako hapa nawaza ubwiri unga kwenye mikorosho we unawaza ndege ya Mzungu. Hela ya huo mkaa ungepata mfuko wa salfa.

#4 Mtoto wa Shangani
Shamba lishapuliziwa mjomba, duru ya pili bado. Picha bando linanigomea, jioni nitapandisha.

#5 Fundi Friji Lindi
Mkuu umenifurahisha, mafriji nayafungua kila siku hapa Lindi na ile ngozi naitupa. Ila jibu lako liko hapohapo ulipoanzia. Ile ngozi ya friji yenyewe ILISHAVUTWA kiwandani kwa vakyumu hiyohiyo unayoitumia we. Ilikuwa shiti bapa, wakaipasha, wakaivuta ikawa sanduku. Plastiki ya namna hiyo ina kumbukumbu, ukiipasha tena inataka kurudi ilikotoka. Sisi huwa tunaona, ukikosea na moto wa kuchomelea pale karibu na ukuta wa friji ngozi inajikunyata kama ngozi ya mbuzi juani. Kwa iyo nusu ya kulia ulikata sehemu iliyovutwa sana, labda karibu na kona, na ya kushoto ulikata katikati ambapo haijavutwa sana. Kesi imeisha.

Alafu swali, ile gesi ya kompresa uliitoaje? Mafriji mapya mengi yana R600a na hiyo inawaka. Usije ukaikata bomba pembeni ya jiko la mkaa.

#6 Mtoto wa Shangani
Nilikatia nje uwanjani mkuu, friji lenyewe la zamani na gesi ilishaisha kitambo. Ila hili la kumbukumbu sikuwa nalijua kabisa. Shukrani.

#7 Mwl Namba
Fundi wa #5 usifunge kesi haraka. Tuweke namba. 811 kwenda 806 ni asilimia 0.6, hiyo ndo kusinyaa kwa kawaida kwa polistaireni, hii plastiki ya friji, ikishapoa, haina shida. 811 kwenda 795 ni karibu asilimia 2. Swali sio kwa nini imesinyaa, swali ni kwa nini mbili zisinyae tofauti. Joto la kupimia nalo tuliondoe mapema: hata kama moja ulipima juani na nyingine kivulini, tofauti ya nyuzi 20, kwa urefu huo utapata milimita moja na ushee tu. Inabaki kumi haina baba.

#8 Pweza wa Feri
"Haina baba" 😂😂

#9 Mataruma
Mie fundi wa majahazi Mikindani, plastiki siijui ila mti naujua. Umesema mwembe. Mwembe ulikauka? Maana mwembe mbichi ukiuacha ndani wiki tatu unanyonga wenyewe. Mzee kachonga lini na we umevuta lini? Kama ya kushoto ulivuta wakati wa kusi kavu na ya kulia ulivuta siku za mvua, mti si uleule.

#10 Mwl Namba
@Mataruma heshima kwako fundi, ila mti ukinyonya maji unatanuka upana, urefu kwa kufuata nyuzi hautikisiki, ni kama sehemu moja kwa elfu hivi. Kwa 811 hata milimita moja haifiki. Na bodi imechongwa kwa kufuata nyuzi bila shaka.

#11 Mataruma
Hapo kweli mwalimu. Hata mbao za chombo zinaachia kwenye maungio ya upana, ndo maana tunakalafati, hazifupiki omo na tezi, yaani mbele kwenda nyuma. Ila mti ukijipinda je? Upinde ukipungua urefu si unabadilika. Kalibu ya chombo chenye mkuku uliopinda inaweza kukunja kama upinde. Alaze kalibu kwenye kioo aangalie kama inacheza.

#12 Mmwera Halisi
Wakuu kabla hamjamaliza, Catalina sio ndege ya mabomu. Ni ndege ya doria. Pale juu kwenye #1 imeandikwa "ndege ya mabomu". Tuwe wakweli.

#13 Mtoto wa Shangani
Jina lake lenyewe la Kimarekani PBY, hiyo PB ni doria NA mabomu, Y ni herufi ya kiwanda cha Consolidated. Chini ya mabawa ilikuwa inabeba karibu kilo 1,800 za mabomu au yale mapipa ya kulipukia majini. We ukidondoshewa kilo 1,800 utaiita doria?

#14 Babu Keya
Uzi mzuri huu. Marehemu babu yangu alikuwa keya, askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku, alifika Burma 1944 bonde la Kabaw, alikuwa anasema chakula chao kilikuwa kinadondoka kutoka mbinguni kwa miavuli, gunia lingine linapasuka mnakula mchele na udongo. Hizo zilikuwa Dakota, ndege za mizigo, sio hizi. Lakini Catalina ndo iliizamisha Bismarck wakuu, ile manowari ya Hitler. Hongera kijana.

#15 Mwl Namba
Mzee wangu shikamoo. Catalina iliiona tu, tarehe 26 Mei 1941, ikaripoti ilipo. Kesho yake meli za Mwingereza ndo zikammaliza. Ila ulichokumbusha ni kizuri maana iliyoiona ilikuwa ya skwadroni 209, kikosi cha ndege cha Mwingereza, na hiyo 209 mwaka uliofuata ikahamia huku pwani yetu, Mombasa. Na Dar ilikaa skwadroni 259. Catalina za 259 na 265 ndo zilizama na nyambizi U-197 kusini ya Madagaska Agosti 1943.

#16 Pweza wa Feri
Zilizama NA nyambizi au ziliizamisha? Mwalimu wa namba Kiswahili kinakupiga chenga.

#17 Mwl Namba
Ziliizamisha. Nimechapa haraka. Rudi feri.

#18 Bi Mkubwa Ndoro
Hizo ndege za majini zilikuwa zinatua hapa Lindi. Bibi yangu alikuwa anasimulia, inakuja inakaa juu ya maji kama bata, watoto wote wa mjini wanakimbilia ufukweni, madrasa inabaki na mwalimu peke yake.

#19 Mmwera Halisi
Bi mkubwa hiyo ni kweli ila zilikuwa za abiria na barua, za Imperial Airways, kuanzia 1937. Mombasa, Dar, Lindi, Msumbiji, Beira mpaka Durban. Injini nne hizo. Catalina ina injini mbili, juu kabisa kwenye bawa. Bibi alisema injini ngapi?

#20 Bi Mkubwa Ndoro
Alikuwa na miaka sita mwanangu, ahesabu injini?

#21 Kibao cha Masasi
Natengeneza vibao vya maduka huku Masasi, akriliki naipinda kila siku. Naona wote mnazunguka. Shiti yoyote inayotoka kiwandani kwa kuvutwa kwenye marola ina MWELEKEO. Ukiipasha inafupika kwa upande iliyovutiwa na upande mwingine haifupiki au hata inanenepa kidogo. Sasa ngozi ya friji ni ndefu na nyembamba, we ulikata kipande cha kwanza kwa kusimama, cha pili kikabaki cha kulala, ukasema poa ilimradi kinaenea fremu. Si ndo ilivyokuwa? Kila mwanafunzi wangu anafanya hivohivo akitaka kubana shiti.

Fanya hivi. Kata kipande cha mraba sentimita 10 kwa 10, chora mshale kuonyesha juu. Mwage unga wa ngano kwenye sinia, kilaze juu yake, kipashe mpaka kilegee bila kukibana popote. Kikipoa pima pande zote mbili. Upande uliofupika ndo mwelekeo.

#22 Dada wa Meno
Habari za jioni. Mie kazi yangu ni meno ya bandia na zile pleti za uwazi za kunyooshea meno, na mashine yangu ni hii hii ya vakyumu, ila shiti zangu ni za duara ukubwa wa kisosi 🙂 Nimesoma wote na naona hakuna aliyemuuliza ALIITOA LINI KWENYE KALIBU.

Plastiki ikishavutwa inakuwa imeshikwa na kalibu, haiwezi kufupika hata ikitaka. Kalibu ndo inaizuia. Ukiibandua bado ya moto, ukiigusa nje unaona imeshaganda lakini ndani bado, inafupika ikiwa mkononi mwako na wewe huoni. Pleti ya meno ukiibandua mapema haiingii mdomoni tena, mgonjwa anakuona tapeli. Sasa kaka wa Shangani, ya kulia uliiacha muda gani?

Na jambo la pili, ulijuaje kwamba imeiva? Maana inapitia hatua. Kwanza inakunjakunja kama mkeka uliolowa, watu wengi hapo ndo wanakimbilia kuvuta. Subiri. Inajinyoosha yenyewe inabana kama ngoma. Subiri tena. Inaanza kung'aa na kushuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholaliwa na mzee mnene. Hapo sasa. Ukiwahi inavutwa ikiwa ngumu na hiyo nguvu yote inabaki ndani kama mpira uliovutwa, ukiiachia tu, twaa.

#23 Kuchele255
Dada wa Meno kitanda cha kamba 😂😂 ila nimeelewa kuliko darasani.

#24 Mtoto wa Shangani
Dada shukrani sana, na hapa ndo naanza kuona aibu. Niseme ukweli wote.

Nusu ya kushoto nilivuta nyumbani, majiko mawili ya mkaa chini ya bati, fremu nimeiinamisha juu. Ilichukua muda, pembeni kumewahi katikati kumechelewa, nikawa nazungusha fremu kama nachoma mahindi. Ikavutwa vizuri, nikaiacha palepale usiku kucha kwa sababu nilichoka.

Ya kulia sikutaka shida ya mkaa. Nikamuomba jamaa wa mikate, ana oveni ya kuni, fremu inaingia yote. Dakika chache tu imeshuka katikati kama ulivyosema, nikaitoa mbio, jamaa wawili tumeshika, koki nikafungua, vuuup. Safi kuliko ya kwanza. Sasa jamaa alikuwa anataka aingize mikate ya jioni na mimi nimeziba mlango wake na sanduku langu, kwa iyo nikaibandua palepale na kuiweka kwenye kikapu cha mkate nikapanda bodaboda. Ilikuwa ya uvuguvugu. Kwenye bodaboda ilikuwa inalia tik tik tik.

#25 Dada wa Meno
Tik tik tik ndo milimita zako hizo zilikuwa zinashuka Mnarani, Chuno, Shangani.

#26 Fundi Friji Lindi
Dada hapo umemkamata, ila hilo halinipingi mimi. Ingekuwa shiti mpya ingefupika kidogo tu. Imefupika kiasi hicho kwa sababu ina kumbukumbu. Uvuguvugu umefungua mlango, kumbukumbu ndo imeingia.

#27 Kibao cha Masasi
Na mwelekeo ndo umeamua ifupike urefu badala ya upana. Mtoto wa Shangani pima upana wa nusu zote mbili, kiunoni.

#28 Mtoto wa Shangani
Nimepima sasa hivi kwa tochi ya simu. Upana ziko sawa. Sawa kabisa.

#29 Kibao cha Masasi
NILISEMA.

#30 Mwl Namba
Upana kuwa sawa kunaweza pia kumaanisha kalibu ya kulia ilikuwa fupi toka mwanzo. Mkuu ulipima kalibu kwa kitu gani?

#31 Salfa Nyeupe
Nyie watu hamlali? Saa tano hii.

#32 Mmwera Halisi
Wakati tunasubiri kipimo niwape stori ya ndege ya kwetu hasa. 1917 Mjerumani Lettow-Vorbeck yuko huku Mahiwa anapigana, Oktoba 15 mpaka 18, damu ilimwagika kwelikweli, risasi zinamuishia. Berlin wakaamua wamtumie zepelini, lile puto refu la gesi lenye injini, L59, ndefu mita 226, imetoka Jamboli Bulgaria imejaa risasi na dawa, ije ishuke nyanda za Makonde. HAIKUPANGIWA KURUDI. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, bitana yake bandeji, fremu yake minara ya redio. Ikafika Sudan, juu ya jangwa, ikaambiwa igeuze. Ilikaa angani saa 95, kilomita 6,757, ikarudi Jamboli 25 Novemba, na siku hiyohiyo Lettow akawa anavuka Ruvuma anaingia Ngomano kwa Mreno. Baadaye hiyo zepelini ilienda kupiga mabomu Napoli, kwa iyo nayo ni ndege ya mabomu ya vita. Mtoto wa Shangani tengeneza hiyo.

#33 Mwl Namba
Kwa skeli ya 1/24 ni karibu mita 9 na nusu.

#34 Mtoto wa Shangani
Mama watoto anasoma hapa pembeni yangu. Kasema jaribu uone.

#35 Pweza wa Feri
Sasa ile manowari ya Rufiji, Königsberg, si ndo ilipigwa na hizi Catalina?

#36 Babu Keya
Hapana kijana, hata mie nimekosea juu huko lakini hilo nalijua. Königsberg ni 1915, vita ile ya kwanza, ndege zilikuwa za mti na turubai zinarukia kisiwa cha Mafia. Catalina imeruka mara ya kwanza 1935. Ni kama useme Hiace ndo ilimleta Vasco da Gama.

#37 Mtoto wa Shangani
@Mwl Namba nimeulizwa nimepima kalibu kwa nini. Kalibu ya kushoto kwa futikamba ya chuma. Ya kulia futikamba nilikuwa nimemuazima jirani anajenga choo, nikapima kwa tepu ya cherehani ya mama watoto.

#38 Kuchele255
🤦🏾‍♂️

#39 Mataruma
Tepu ya cherehani inavutika, hiyo imeshapima mabibi harusi wangapi. Alafu niulize, uliinyoosha hewani kutoka pua hadi mkia au uliilaza juu ya tumbo la kalibu? Maana ukiilaza inafuata upinde, utasoma 811 wakati ukweli ni pungufu.

#40 Mtoto wa Shangani
Dah. Niliilaza.

#41 Mwl Namba
Kwa iyo mpaka sasa tuna kumbukumbu ya friji, mwelekeo wa shiti, kubandua mapema, na kipimo cha harusi. Kesho mchana apime kalibu kwa chuma, hewani.

#42 Mjukuu wa Mchongaji
Wakuu samahani, nimetumiwa hii linki na rafiki. Mzee aliyechonga hizo kalibu ni babu yangu. Nimemsomea uzi wote mpaka kwenye mikate. Kacheka sana hapo kwenye bodaboda. Majibu yake ni haya, naandika kama alivyosema: "Mimi nachonga kwa jicho, karatasi aliyoniletea ya kwanza ililoana, akaleta ya pili. Niliona zimepishana nikamwambia, akasema chonga tu babu. Nimechonga."

Kaongeza kuwa angeletewa mpingo angekataa, sio kwa ugumu, ila mpingo haukatwi kwa ajili ya kutengenezea plastiki.

#43 Mwl Namba
KARATASI YA PILI??

#44 Mtoto wa Shangani
Shikamoo babu. Ni kweli nimesahau kusema. Mchoro nilipakua, nikauchapisha vipandevipande steshenari moja, nikaukuza kwa fotokopi, nikaunganisha na gundi. Ya kushoto ilishachongwa. Alafu ikanyesha, karatasi ikawa uji. Ya pili nikachapisha steshenari nyingine kwa sababu ile ya kwanza umeme ulikuwa umekatika. Gesi tunayo Msimbati hapo, umeme unakatika, sijui hata nimlaumu nani.

#45 Kibao cha Masasi
Fotokopi inadanganya kwa upande karatasi inapopita, hilo mie shahidi, herufi zangu zinanenepa. Vipande vingapi uliunganisha?

#46 Mtoto wa Shangani
Vinne.

#47 Kibao cha Masasi
Zidisha uongo mara nne.

#48 Dada wa Meno
Na kibandiko cha kila kiungo. Kaka, mie naona kila mtu humu ana haki na hakuna aliyepatia 🙂 Ila kitu kimoja, hata ungekuwa na kalibu sawa, usibandue ya moto. Mwagia maji ya baridi kwa kitambaa, subiri mpaka ukilaza shavu husikii joto. Na pakaza poda ya mtoto kwenye kalibu kabla.

#49 Jirani Magomeni
Wakuu huyu jamaa ndo alitufanya tutoke nje wiki ile tukadhani transfoma imelipuka? Maana ulisikika mlio BAAA mpaka mbwa wakakimbia.

#50 Mtoto wa Shangani
😂 Ndo mimi. Sanduku la kwanza. Nilitengeneza kwa plaiwudi nyembamba, juu sentimita 100 kwa 45, ndani tupu hakuna nguzo. Nikajaza mtungi vakyumu, nikafungua koki, uso wa sanduku ukaingia ndani kama mtu amekalia kikapu.

#51 Mwl Namba
Mia kwa arobaini na tano ni sentimita za mraba 4,500. Hewa inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Hata vakyumu yako ingefika nusu tu, umeweka tani mbili na ushee juu ya plaiwudi. Umepandisha Hiace juu ya kikapu.

#52 Mataruma
Ungeniuliza ningekuambia tia mataruma, zile mbavu za ndani. Chombo hakikai bila mataruma.

#53 Mtoto wa Shangani
La pili nimetia mataruma, fundi, vipande vya mninga kila sentimita 8, limekaa.

#54 Fundi Friji Lindi
Na vile vioo vya kando vya Catalina, yale matone makubwa mawili anapokaa mpiga risasi, unatoa kwa nini? Ngozi ya friji haionyeshi ndani.

#55 Mtoto wa Shangani
Hapo nimefeli mara tisa. Akriliki inanipasukia, plastiki za makasha ya keki zinakuwa nyembamba juu kama karatasi ya kitunguu.

#56 Dada wa Meno
Chupa ya maji. Ile ya lita moja na nusu, kata kitako, ingiza kalibu ya tone ndani, ibane na kabari isicheze, alafu pita na bloa ya mafundi simu taratibu kuizunguka. Chupa yenyewe inarudi ndani inaikumbatia kalibu bila vakyumu yoyote. Ni ileile kumbukumbu ya @Fundi Friji Lindi, chupa ilipulizwa ikatanuka, ukiipasha inataka kurudi udogoni.

#57 Fundi Friji Lindi
Asante dada kwa kuniunga mkono.

#58 Dada wa Meno
Kwenye chupa tu kaka.

#59 Mtoto wa Shangani
Wakuu mrejesho wa mchana. Nimepima kalibu kwa rula ya chuma, hewani, mjukuu wa babu ameshika upande wa pili. Ya kushoto 811. Ya kulia 808. Kwa hiyo karatasi, babu na tepu wote pamoja wamekula milimita 3. Nane bado.

Na ule mraba wa unga wa ngano nimefanya. Umetoka sentimita 9.3 kwa 10.1. Kwa hiyo mwelekeo upo na Kibao yuko sahihi. Tatizo sikumbuki ya kulia nilikata kwa kusimama au kulala, na friji lenyewe nimeshalikatakata, hata juu na chini sijui tena.

#60 Kibao cha Masasi
Kata kwenye makando ya nusu ya kulia yale unayotupa, rudia jaribio.

#61 Mtoto wa Shangani
Makando mama watoto kawashia jiko.

#62 Dada wa Meno
Asiwashie!! Moshi wa plastiki hiyo mbaya, na chakula kiko juu.

#63 Mtoto wa Shangani
Nimemwambia, kasema nami nimeiwashia nyumba nzima mwaka mzima.

#64 Mwl Namba
Njia ni moja, vuta nusu ya kulia upya. Badilisha kitu kimoja tu. Oveni ileile, mwelekeo uleule wa kushoto, ila uiache ipoe juu ya kalibu. Ukibadilisha viwili hatutajua.

#65 Fundi Friji Lindi
Na friji lilelile, aina ileile. Hapo ndo utaona.

#66 Mtoto wa Shangani
Ndo natafuta. Friji la milango miwili, la zamani, ngozi ya maziwa. Mwenye nalo Mtwara au Lindi hata kama limeoza nje aseme bei.

#67 Bi Mkubwa Ndoro
Ninalo hapa, limekufa toka mwaka juzi. Njoo na usafiri.

#68 Mtoto wa Shangani
Bi mkubwa Mungu akubariki. Ngozi ya ndani nzima? Haina ufa?

#69 Bi Mkubwa Ndoro
Nzima. Ila kuku wanatagia humo, usubiri watotoe kwanza.